Mume wangu polisi alifia nyumbani, hakuuawa na jambazi: je, binti yetu ana haki ya karo?

Mama Mshauri,

Salamu kutoka Minnesota. Mimi ni mzaliwa wa Taita, mjane, na nakuandikia kwa sababu hapa nilipo kila mtu ana maoni na hakuna mwenye jibu.

Mume wangu alikuwa polisi wa kaunti, hawa wanaofanya kazi chini ya sherifu. Alikuja Marekani kusoma, akabeba mizigo kwenye maghala, akahudumia wazee, akapata uraia, ndipo akaingia upolisi akiwa ameshapita miaka 30. Aliipenda ile kazi mpaka nikawa naionea wivu. Desemba 2024, zamu ya usiku, waliitwa kwenye nyumba ambamo kijana alikuwa amempiga mamake. Yule kijana akachomoka mbio kwa mlango wa nyuma, theluji ikiwa ya magotini, mume wangu akamfuata. Wakakamatana uani kwa jirani, wakaangushana, hadi mwenzake akafika wakamtia pingu. Alinisimulia haya alfajiri akivua viatu, huku akicheka kwamba uzee umemwingia na kwamba kifua kinambana kidogo. Nikamwambia twende hospitali. Akasema atalala kwanza. Saa nne asubuhi haikufika. Daktari aliandika mshtuko wa moyo. Alikuwa na miaka 47.

Wenzake walikuja na bendera, wakampigia saluti, tukamsafirisha akazikwe kwao. Mchango wa Wakenya wa hapa ndio uliotuvusha. Niliporudi nikauliza kuhusu malipo, na mtu mmoja wa ofisi ya wafanyakazi akaniambia kwa upole kwamba mume wangu alifia nyumbani, na kwamba malipo ya serikali ni ya wale wanaouawa na wahalifu. Sikubishana naye. Sikuwa na nguvu.

Sasa binti yetu wa kwanza, mwenye miaka 18, amekubaliwa chuo kikuu cha umma hapa hapa jimboni. Mdogo wake ana miaka 12. Mimi nahudumia wazee, zamu mbili nikijaliwa, na hata hivyo kwa mwaka sifikishi dola 60,000. Binti ameanza kusema ataacha chuo kwa sasa aende ghalani alikopitia babake. Nikisikia hivyo natoka chumbani.

Kuna jambo la pili, na hili linanitia haya. Nje ya ndoa yetu, mume wangu alizaa mtoto wa kiume na dada mmoja wa Voi. Kijana ana miaka 16, anaishi na mamake, na marehemu ndiye aliyekuwa akimlipia karo. Cheti chake cha kuzaliwa kina jina la baba. Dada mmoja wa kanisani kwetu, mjuzi wa makaratasi, ameniambia yapo malipo, nipeleke dai lakini nisimtaje huyo kijana, maana Marekani hawatajua. Yeye atanijazia fomu zote, nami nimpe asilimia 15 ya kitakachopatikana. Shemeji yangu naye, kakake marehemu, anasema senti yoyote ya marehemu ni ya ukoo, itumwe amalizie nyumba iliyobaki kwenye lenta, na watoto wangu Marekani itawasomesha. Mama mkwe, ambaye nampenda kama mamangu, amesema hiyo ni pesa ya damu na tusiiguse.

Je, kuna msaada wowote wa karo kwa mtoto wa polisi aliyekufa namna hii? Nianzie wapi? Na huyu kijana wa Voi nimfanyeje?

Mjane wa Taita, Minnesota

—

Mwanangu,

Pole sana kwa msiba, na pole kwa kuachiwa mambo haya yote peke yako. Ile sehemu uliyoipita haraka katika barua, ya mumeo kumkimbiza kijana kwenye theluji na kuangushana naye, ndiyo inayoweza kuwalipia watoto wako karo. Nitaanzia hapo.

Tangu 1976 Marekani ina sheria ya kuzilipa familia za polisi, wazimamoto na maafisa wengine wa usalama wa umma wanaokufa kazini. Mpango huo hujulikana kwa herufi zake, PSOB, na unaendeshwa na Wizara ya Sheria ya serikali kuu. Kaunti haina kauli ya mwisho, wala jimbo. Kwa miaka mingi mlango wake ulikuwa mwembamba, kwa sababu lilitakiwa jeraha: risasi, kisu, ajali ya gari. Mzimamoto aliyepambana na moto usiku kucha kisha moyo ukasimama, mjane wake aliambiwa maneno yale yale uliyoambiwa wewe. Mwaka 2003 Bunge la Marekani likaibadilisha sheria. Kwa vifo vyote vilivyotokea tangu katikati ya Desemba mwaka huo, afisa huchukuliwa kuwa amekufa kazini ikiwa alipatwa na mshtuko wa moyo, kiharusi au kupasuka kwa mshipa wa damu katika hali hizi: akiwa kwenye shughuli ya kipolisi nzito au yenye shinikizo kubwa isiyo ya kila siku, au akiwa bado kazini baada ya shughuli hiyo, au ndani ya saa 24 tangu alipoifanya.

Saa 24, mwanangu. Mumeo hakumaliza hata nusu yake. Sheria haiulizi kama alikuwa na sare au alikuwa amejifunika blanketi. Inauliza alifanya nini usiku ule na saa ngapi. Kukaa mezani kuandika ripoti hakuhesabiwi, lakini kumfukuza mtu kwenye theluji ya magotini na kupigana naye mweleka chini sidhani kama kuna mtu Washington atakuita kazi ya mezani.

Labda wataangalia kama alikuwa na presha, kama alivuta sigara, kama babake naye alikufa kwa moyo. Wajane wengi hukata tamaa hapo. Usikate. Sheria inasema kuwepo tu kwa mambo yanayomweka mtu kwenye hatari ya ugonjwa wa moyo hakutoshi kumnyima haki. Ni lazima pawe na ushahidi wa kitabibu unaoonyesha kwamba mshtuko ule haukuhusiana na kazi ya usiku huo, au kwamba ulisababishwa na kitu kingine kabisa. Maana yake ni kwamba ukishathibitisha ile shughuli na ule muda, dhana ya sheria iko upande wako. Watataka pia majibu ya vipimo vya damu, kwa kuwa sheria haimlipi aliyekuwa amelewa. Usione wanamtukana marehemu. Wanamwomba kila mtu.

Kuhusu yule mtu wa ofisi, sina haja ya kumsema sana. Pengine hajawahi kushughulikia kifo cha askari hata kimoja. Lakini wewe uliuliza swali la sheria ya nchi, ukajibiwa na mtu wa likizo na mishahara, na jibu lake ukalichukua kama hukumu.

Sasa karo. Wengi hawajui kwamba msaada wa masomo wa serikali kuu unasubiri uamuzi wa malipo ya kifo. Huwezi kuuomba peke yake. Unaitwa PSOEA. Ulianza 1996 kwa familia za maafisa wa serikali kuu, na 1998 ukapanuliwa kuwafikia polisi wa miji, kaunti na majimbo. Wizara ikishakubali kwamba mumeo alikufa kazini, kila mtoto wake anaweza kuomba fedha za chuo hadi atakapotimiza miaka 27, kwa jumla ya miezi 45 ya masomo ya kutwa. Kiwango kilichoanza Oktoba 2024 kilikuwa dola 1,536 kwa mwezi kwa anayesoma kutwa, na hupanda mwaka hadi mwaka. Anayesoma masomo machache hupata pungufu ya hapo. Zinaweza kulipa karo, malazi, chakula, vitabu na ada nyingine za masomo. Si mkopo. Uzuri mwingine ni kwamba dai la kifo likichelewa kuamuliwa, unaweza kurudi nyuma ukaombea muhula uliokwisha kulipwa, mradi umehifadhi risiti na taarifa za chuo. Na chini ya mabadiliko ya 2017, wizara ikikawia kuamua dai la kifo kwa zaidi ya mwaka mmoja tangu uliwasilishe, ule muda uliozidi hauhesabiwi katika umri wa mtoto.

Mbali na karo, kuna malipo yenyewe ya kifo. Kiwango hufuata tarehe ya kifo: kwa aliyefariki baina ya Oktoba 2024 na Septemba 2025 ni dola 448,575. Najua umeshtuka. Ndiyo sababu yule dada wa kanisani anataka asilimia 15, maana ni zaidi ya dola 67,000 kwa kujaza fomu ambazo serikali inapokea bure.

Namna ya kuanza ni hii. Dai lina sehemu mbili. Moja hujazwa na mwajiri, ya kueleza alivyokufa. Nyingine hujazwa na wewe, ya kueleza ni nani waliobaki. Zote hupelekwa kwa njia ya mtandao. Bila ile ya mwajiri hutafika mbali, kwa hiyo usirudi kwenye dirisha la mishahara. Mwandikie sherifu mwenyewe barua ya ukurasa mmoja. Taja tarehe, taja tukio, sema unaomba idara ipeleke taarifa ya kifo kwa PSOB chini ya kifungu cha mshtuko wa moyo ndani ya saa 24. Andika hivyo hivyo, hizo saa 24 zisikosekane. Katika barua hiyo hiyo omba wasifute rekodi zozote za usiku ule: sauti za redio zenye saa na dakika, picha za kamera za kifuani, maelezo ya yule mwenzake aliyefika na pingu, na jalada la mashtaka ya yule kijana. Picha za kamera haziwekwi milele na miezi imeshapita, kwa hiyo barua itoke wiki hii. Nakala umpe kiongozi wa chama cha maafisa wa hapo. Hao hujua sherifu anapokea simu ya nani.

Wewe kwa upande wako kusanya cheti cha kifo, ripoti ya uchunguzi wa maiti, karatasi za gari la wagonjwa lililokuja asubuhi, cheti cha ndoa, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote. Kama mmoja wenu aliwahi kuoa au kuolewa kisheria kabla, hati ya talaka pia. Halafu keti uandike alichokuambia alfajiri ile: kifua kinabana, saa ngapi alivua viatu, saa ngapi ulimkuta. Wewe ni shahidi, na ule wakati kati ya pingu na usingizi hakuna anayeujua isipokuwa wewe.

Muda wa kudai ni miaka mitatu tangu kifo, kwa hiyo kwako mwisho ni Desemba 2027. Usiutumie wote. Uamuzi wenyewe unaweza kuchukua mwaka na zaidi, na hilo linanileta kwa binti.

Asiende ghalani. Nimekaa ofisi za misaada ya wanafunzi katika vyuo vya Marekani muda wa kutosha kuwaona watoto wanaosema wataahirisha mwaka mmoja tu. Akae akajaze FAFSA, ile fomu ya serikali kuu ya kuombea misaada ya masomo, leo kabla ya kesho. Kama ni raia au ana kadi ya kijani, fomu hiyo inamfungulia milango mitatu kwa mpigo. Wa kwanza ni wa Minnesota yenyewe: tangu vuli ya 2024 jimbo lina mpango wa North Star Promise, unaofuta karo iliyobaki katika vyuo vya umma kwa mkazi ambaye familia yake inaingiza chini ya dola 80,000 kwa mwaka. Wewe uko chini ya hapo. Kwa hiyo hata kama dai la babake lingekataliwa kabisa, karo ya chuo cha umma haipaswi kumzuia mtoto huyu. Ulihitaji mtu akuambie hili mapema, na inaniuma kwamba hakuna aliyekuambia.

Mlango wa pili ni Pell, fedha za serikali kuu zisizorudishwa. Kwa mwaka wa masomo 2025/26 kiwango cha juu ni dola 7,395. Mwanafunzi ambaye mzazi wake alikuwa afisa wa usalama wa umma akafia kazini, naye hajafika miaka 33, hupewa kiwango hicho cha juu bila kupimwa kipato cha nyumbani. Amwone afisa wa misaada chuoni, amwambie babake alikuwa polisi na alikufa vipi, aulize ni uthibitisho gani wanaoutaka. Asitegemee fomu imwelezee kila kitu. Wa tatu ni msaada wa Minnesota kwa familia za maafisa wa usalama waliofariki kazini tangu 1973. Mtoto awe chini ya miaka 23, asome shahada ya kwanza au masomo ya chini yake katika chuo cha jimboni kilicho kwenye mpango, na apate hati ya kustahili kutoka idara ya usalama wa umma ya jimbo. Jimbo huamua lenyewe, Washington huamua yenyewe, na mmoja akisema hapana haimaanishi wa pili atasema hapana. Omba kote.

(Wasomaji walio majimbo mengine, msikae mkidhani haya ni ya Minnesota tu. Texas, Florida, New York, California na Illinois zote zina mipango yao ya karo kwa watoto wa polisi waliofia kazini, kila moja na umri wake na masharti yake. Na lipo shirika la familia za polisi waliofariki, Concerns of Police Survivors, lililoanza 1984 na makao yake Missouri. Linatoa fedha za masomo, na zaidi ya hapo litakukutanisha na mjane aliyekwisha kuzipitia fomu hizi.)

Yule wa miaka 12 natumaini umeshamwombea malipo ya yatima ya Social Security, hifadhi ya jamii ya serikali kuu. Kama bado, hiyo ni simu ya kesho asubuhi.

Tumfikie kijana wa Voi. Unaona haya, nami nakuelewa, lakini hukumzaa wewe wala hukumficha wewe. Sheria ya PSOB inagawa fedha hivi: nusu kwa mjane, nusu kwa watoto kwa mafungu sawa. Na inapomtaja mtoto inamhesabu wa ndani ya ndoa na wa nje. Ana miaka 16, ana cheti chenye jina la baba, marehemu alikuwa akimlipia karo. Yumo. Kwa kiwango nilichokutajia, wewe ungepata karibu dola 224,287, na kila mmoja wa watoto watatu karibu dola 74,762. Ukimfuta kwenye fomu, watoto wako wawili watapata zaidi, hilo ni kweli, na utakuwa umetia sahihi uongo mbele ya serikali ya Marekani. Siku mamake akituma barua pepe moja yenye cheti cha kuzaliwa, utatakiwa kurudisha fedha na pengine ukajibu mashtaka. Mtu anayekuambia Marekani hawatajua hatakuwepo siku watakapojua.

Huyo dada wa kanisani umshukuru, umalizane naye. Kanuni za mpango huu zinakataza mwakilishi kukubaliana na mdai malipo ya asilimia. Hata wakili akikusaidia, ada yake ni lazima ikubaliwe na ofisi ya PSOB. Ukihitaji msaada wa fomu, utaupata kwa idara ya mumeo, kwa ofisi ya PSOB yenyewe au kwa wajane wenzako, bila senti.

Na mpigie simu mama wa kijana kabla hajasikia kwa watu. Simu itakuwa ngumu, kwa hiyo ipe kazi ya kufanya: mwombe nakala safi ya cheti cha kuzaliwa. Mwambie kuna dai, halijaamuliwa, na mtoto yumo. Usimtajie kiasi bado. Fungu la mtoto mdogo hukabidhiwa mzazi au mlezi wake kwa niaba yake, na zaidi ya shilingi milioni 9 za Kenya zikiingia kwenye simu ya mtu Voi, ndugu watazaliwa usiku huo. Ashauriwe kufungua akaunti ya mtoto benki mapema, na kama mnaelewana, zungumzeni na wakili wa huko namna ya kuifunga hadi afike chuo. Naye pia PSOEA iko wazi kwake hadi miaka 27, mradi chuo chenyewe kiwe kinachotambuliwa na serikali ya Marekani kwa misaada ya wanafunzi.

Shemeji yako mjibu kwa kifupi na kwa heshima. Fedha hizi hazikuwahi kuwa mali ya marehemu, kwa hiyo haziingii kwenye urithi wa kugawana ukoo. Sheria imewataja wanaolipwa, mjane na watoto, na haikumtaja kaka. Hata mtu aliyekuwa akimdai marehemu haruhusiwi kuzikamata. Kama wewe, kwa hiari yako na kutoka kwenye fungu lako, utataka siku moja kupandisha ile nyumba juu ya lenta, utafanya hivyo kwa wakati wako. Karatasi yoyote atakayokuletea utie sahihi ili akusimamie mambo, usitie.

Mama mkwe ni suala jingine, na yeye hatakubali kuelezwa kwa simu. Anamwona mwanawe akibadilishwa kwa noti. Wewe usimbishie. Ukienda Taita, au akipatikana mtu mzima mnayemwamini wote wawili wa kumfikishia maneno, mwambieni mwanawe aliifanya kazi hii akijua kwamba akidondoka, serikali iliyomwajiri itawalea wanawe. Mwambieni pia kwamba mjukuu wake wa Voi, ambaye karo yake ilikatika siku ile, ni mmoja wa watakaosoma. Nadhani hilo hajaambiwa. Kwa jinsi barua yako inavyosomeka, hata wewe hukuwa umeliwazia hivyo.

Limebaki moja ambalo hukuuliza. Ule msaada wa masomo wa PSOEA si wa watoto peke yao. Mjane naye ni mstahili, miezi 45 yake mwenyewe, na ukomo wa miaka 27 haumhusu. Wewe umehudumia wazee kwa zamu mbili miaka yote hii chini ya wauguzi wanaolipwa mara mbili yako kwa kazi unayoijua nusu yake. Dai likikubaliwa, uliza chuo cha karibu nawe masharti ya kuingia uuguzi. Masomo ya awali ya sayansi unaweza hata kuyaanza sasa jioni, kwa sababu FAFSA anayojaza binti yako nawe unaweza kuijaza.